Njia za Takaba: Hati Iliyoandikwa kwa Nyayo

Wahenga wa pwani walituusia tusisafirie nyota ya mwenzetu. Mimi, ndugu msomaji, niliuvunja usia huo nilipokwenda Takaba, nami sijuti. Kwa muda wa siku tatu nilisafiria nyota ya mzee mmoja wa Kigarre ambaye hakupata kuiona bahari tangu azaliwe, lakini aizisoma njia za nchi kavu kama nahodha wa Pate anavyoisoma pepo ya kusi. Niliyojifunza nyuma yake ndiyo ninayotaka kukusimulia leo, kwani yamkini yatuhusu sote, hata sisi tunaoishi kando ya maji ya chumvi.

Kwanza nikuonyeshe mahali penyewe. Takaba ni mji wa Mandera Magharibi, katika pembe ya kaskazini mashariki mwa Kenya. Ukielekea magharibi utafika Dandu, na mbele yake Moyale. Kaskazini iko Banisa na mpaka wa Habeshi. Kusini mashariki iko Elwak. Nchi yenyewe ni tambarare yenye vilima vya mawe vinavyochomoza hapa na pale, na vichaka vya migunga na miti ya manemane na ubani. Mto wa kudumu hakuna. Kuna laga, yaani mikondo ya mchanga inayojaa maji siku mvua inyeshapo kisha ikakauka. Kuna mabwawa ya kuchimbwa, na kuna visima. Wenyeji wengi ni Wagarre, Waislamu kama sisi, wengine wakisema Kiborana na wengine lugha yao ya Kigarre iliyo jamaa ya Kisomali.

Nilifika huko juu ya lori, nikiwa na makubadhi yangu ya Lamu miguuni. Mwenyeji wangu aliyatazama makubadhi yale, akacheka kwa adabu, kisha akamtuma mjukuu wake sokoni akaniletee akala zilizokatwa katika mpira wa gari. "Ustadhi," akaniambia, "hivyo ni viatu vya kwenda msikitini. Miba ya huku haijui dini."

Asubuhi ya pili, baada ya swala ya alfajiri, tukatoka. Mzee alikuwa na fimbo yake, tasbihi yake, na kidumu cha maji mgongoni. Mjukuu, kijana wa miaka ishirini hivi anayeendesha pikipiki ya abiria, alitufuata kwa kuwa aliamrishwa. Usoni alionyesha wazi kuwa angependa sana atupakie tumalize mambo. Safari ilikuwa ya kwenda kwenye kisima ambacho mzee alikuwa akinywesha ngamia wa baba yake tangu utotoni.

Hatukutembea hata robo saa nikaona nimepotea. Mbele yangu kulikuwa na vijia kumi, vyote vya vumbi jekundu, vyote sawa machoni mwangu. Nikamwuliza mzee ajuaje kipi ni kipi. Akasimama, akachora mchangani kwa ncha ya fimbo. Akasema: "Tazama. Njia zikikutana, zinakwenda majini. Zikiachana, zinakwenda malishoni. Mtu aliyepotea na ana kiu, asiende upande njia zinakotawanyika. Afuate zinakojumuika." Maneno hayo machache ni elimu nzima. Mifugo hutoka pande zote kuja mahali pamoja kunywa. Kwa hiyo vijia ni kama vijito vinavyoingia mtoni, na kila unapokaribia kisima njia hupanuka na vumbi likawa laini zaidi.

Kisha akanifunza kutofautisha. Njia ya mbuzi ni nyembamba na hupenda kupinda pinda vichakani. Njia ya ngamia ni mistari kadhaa inayokwenda sambamba, nayo huachana na matawi ya chini, kwani ngamia aliyepakiwa mikeka na miti ya nyumba hawezi kupita chini ya mgunga. Njia ya watu wanaohama, wale walio na wazee na watoto, hukwepa laga hata kama kuna njia ya mkato, maana laga ni kitanda cha mchanga leo na kesho ni mauti. Mvua ikinyesha mbali, kwenye vilima usivyoviona, maji huja na mchana ungali mweupe.

Tulipita kando ya kaburi la zamani lililorundikiwa mawe. Mzee alisimama, akawatolea salamu waliolala hapo, akasoma Fatiha, nasi tukaitikia. Jina la mwenye kaburi halijulikani tena. Linalojulikana ni kwamba kaburi lile ni alama: ukilifikia wakati wa adhuhuri, basi kisimani utafika kabla ya laasiri. Nikawaza, marehemu huyu angali anawafanyia watu kazi, na malipo yake yako kwa Mola.

Usidhani, msomaji, kwamba vijia hivi ni mambo ya wachungaji tu na kwamba sisi wa miji ya mawe hatuhusiki navyo. Katika karne ya 19 Wagarre walikuwa miongoni mwa watu wenye misafara ya ngamia baina ya nchi ya Waborana na mji wa Luuq ulioko kwenye mto Juba, na kutoka huko bidhaa zilishuka hadi miji ya Banadir. Pembe za ndovu na ngozi ziliteremka, nguo zilipanda. Na mojawapo ya miji hiyo ni Barawa, mji wa ndugu zetu wasemao Chimwini, ambacho ni Kiswahili kama Kiamu na Kimvita kilivyo Kiswahili. Basi nguo iliyoshushwa jahazini Barawa iliweza kufika kwa Mborana ndani kabisa ya bara, ikipita mgongoni mwa ngamia katika njia za namna hii hii. Jahazi na ngamia walikuwa wakibadilishana mizigo kabla hajaja mtu wa kutuchorea ramani.

Walipokuja wachora ramani, mambo yalibadilika. Serikali ya kikoloni, kwa sheria ya mwaka 1902, ilizifanya wilaya za kaskazini kuwa nchi iliyofungwa, isiyoingiwa na mgeni ila kwa kibali. Mwaka 1934 ikatungwa sheria nyingine ya kuwatengea makabila maeneo yao ya malisho, na mchungaji aliyevuka mpaka aliuvukia mashaka. Uhuru ulipokuja, ghasia za mpakani zikaja nao: mwishoni mwa 1963 hali ya hatari ilitangazwa katika Jimbo la Kaskazini Mashariki, na haikuondolewa hadi 1991. Hesabu mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa siku ya kutangazwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto siku ya kuondolewa. Mzee wangu alisema kwamba katika ujana wake kulikuwa na njia alizozijua kwa usiku tu, kwa sababu mchana zilikuwa haramu.

Na hata sasa sitakudanganya kwamba huko ni mahali pa kutembea kwa kunyoosha miguu. Barabara za Mandera zimemwaga damu ya wasafiri. Novemba 2014 watu 28 walitolewa katika basi wakauawa karibu na mji wa Mandera, wakibaguliwa kwa dini yao. Lakini Desemba 2015, karibu na Elwak, basi jingine liliposimamishwa na wauaji wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki Januari 2016. Namtaja kwa sababu mazungumzo yetu ni ya njia, na njia ina haki zake. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwataka wakaao njiani waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Tulifundishwa pia kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni tawi katika matawi ya imani. Mwalimu yule aliilipa haki ya njia kwa roho yake.

Sasa nirudi safarini. Yapata saa nne mzee akasimama ghafula. Mbele yetu palikuwa na ua mpana wa miba iliyokatwa ikarundikwa, umeizunguka ardhi tupu. Ndani hamkuwa na nyumba wala shamba. Palikuwa na nguzo chache tu, dalili ya mtu anayesema hapa ni pangu. Na ile njia yetu, mistari sambamba ya ngamia iliyochimbika kwa miguu ya miaka isiyohesabika, iliingia moja kwa moja chini ya miba, na kwa mbali tukaiona ikitokeza upande wa pili.

Nilidhani mzee atakasirika. Hakukasirika. Alitazama kwa muda mrefu, akasema: "Mwaka juzi haukuwapo." Kisha akageuka kushoto, akaanza kuuzunguka. Kuzunguka kule kulituchukua karibu saa nzima, juani, katika mawe makali yasiyo na njia. Kwa mtu mwenye kidumu cha maji, saa moja ni jasho. Kwa kundi la mbuzi lisilokunywa siku nne, na vitoto vyake, wakati wa kiangazi, saa moja ndiyo tofauti ya mwenye kufika na asiyefika.

Nikamwuliza kwa nini hakuukata ua, ilhali yeye ana haki. Jawabu lake sitalisahau. "Ua naweza kuukata, Ustadhi. Nina panga nyumbani. Lakini kesho nikiitwa mbele ya mkubwa, mwenzangu atatoa karatasi, na mimi nitatoa nini? Nitawaonyesha miguu yangu?"

Kaa nalo hilo, msomaji, nami nikuvushe bahari kidogo.

Nina mpwa wangu anayeishi Uingereza, katika mji wa Leicester. Aliniletea kijitabu cha njia za miguu zinazozunguka kijiji kimoja cha mashambani huko. Niliposoma nilicheka, kwani nilidhani ni mchezo: kitabu kizima cha kumweleza mtu apite lango lipi, avuke kijito wapi, azunguke kanisa kwa upande gani, mwendo wa saa mbili arudi alipoanzia. Kumbe si mchezo. Nchi za Uingereza na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma, na nyingi hupita katikati ya mashamba ya watu binafsi. Mwenye shamba hana ruhusa kuiziba. Akiilima njia iliyokatiza shambani mwake hana budi kuirudisha ionekane. Na lililonishangaza zaidi ni hili: kwa sheria yao, njia ikitumiwa na watu waziwazi kwa miaka 20 bila kukatizwa na bila kuomba ruhusa, huchukuliwa kwamba imekwisha kuwa ya umma. Yaani miguu ya watu huandika hati, na mahakama huisoma.

Wala hawakupewa bure. Zamani zile matajiri wao walijizungushia milima na nyika wakawinda ndege, na mtu wa kawaida akifukuzwa. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka Manchester na miji ya jirani, waliupanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout uliokuwa umekatazwa. Watano walifungwa jela. Lakini mwaka 1949 Bunge lao lilipitisha sheria iliyoziamuru serikali za wilaya zipime njia zote za miguu na kuzichora katika ramani rasmi. Wazee wa vijiji waliulizwa: njia hii yapita wapi, na tangu lini? Yaliyokuwa vichwani mwa wazee yakawekwa katika karatasi kabla hawajafa.

Angalia basi kinyume cha mambo. Mwingereza anayetembea kwa afya na burudani, ambaye akikuta njia imezibwa atarudi nyumbani akanywe chai, njia yake imeandikwa. Mgarre ambaye njia ndiyo uhai wa mifugo yake na watoto wake, yake haikuandikwa popote.

Si kwamba sheria zetu ni kiziwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, inayataja malisho kuwa ni miongoni mwa ardhi za jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua mlango kwa jamii kuisajili ardhi yake na kupanga matumizi ya malisho. Mlango uko wazi. Lakini anayeingia lazima aingie na ramani mkononi. Na ramani ya Takaba ingali vichwani mwa wazee kama huyu wangu.

Tena elimu yao si ya kubezwa. Wataalamu wawili, Hussein Isack wa kwetu Kenya na Heinz-Ulrich Reyer, waliwafuata Waborana wa kaskazini mwa Kenya wanaotafuta asali wakiongozwa na mlembe, yule ndege kiongozi. Walipochapisha utafiti wao mwaka 1989 walieleza kwamba mtu asiyeongozwa na ndege huyo alichukua kwa wastani saa 8.9 kupata mzinga, na anayeongozwa alichukua saa 3.2. Wenyeji walikuwa wakisema kwamba ndege huwaambia masafa na upande. Wataalamu walipima wakaona ni kweli. Wenyeji hawakushangaa. Walikuwa wakijua tangu zamani.

Tulifika kisimani baada ya adhuhuri. Kulikuwa na ngamia, na mbuzi wakisubiri zamu kwa kelele, na vijana wakivuta maji. Kwa Waborana, mambo ya zamu kisimani yana msimamizi wake aitwaye abba herega, na kila mtu hujua siku yake na nafasi yake. Nikakumbuka mafundisho ya kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Nikajiuliza, je, ushirika wa maji una maana gani ikiwa njia ya kuyafikia imefungwa? Kumwambia mtu kisima ni chako na huku umemzibia njia ni kama kumpa mtu funguo ya nyumba usiyomwambia iliko.

Wakati wa ukame mkubwa ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na katika nyika za Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili na nusu ilikufa. Mzee alipoteza karibu wote aliokuwa nao. Waliobaki, alisema, walibaki kwa sababu aliwahamisha mapema kwa njia aliyoonyeshwa na babu yake, njia ambayo haikutumiwa kwa muda mrefu kwa kuwa ni ndefu, lakini ina maji mahali ambapo wengi wamepasahau. "Njia nyingine," alisema, "huwekwa kama akiba. Huitumii kila siku. Lakini usipoikumbuka siku yake, umekwisha."

Hapo ndipo mjukuu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliuliza: "Babu, hiyo njia mimi mbona hukunionyesha?" Mzee akamtazama. "Hukuwa na nafasi. Ulikuwa juu ya pikipiki."

Hatukucheka. Kijana alitoa simu yake mfukoni, akamwuliza mzee jina la kilima kilichokuwa mbele yetu, akaliandika. Akamwuliza la kile cha nyuma yake. Tuliporudi jioni alikuwa akitembea mbele, bega kwa bega na babu yake, akisimama kila penye njia panda na kutia alama katika simu. Mimi nilikuwa nyuma nikichechemea na akala zangu. Walipofika kwenye ule ua wa miba, kijana aliweka alama mahali njia ilipoingilia, akazunguka, akaweka nyingine mahali ilipotokezea. Hakukata hata mwiba mmoja. Lakini niliona kwamba kwa mara ya kwanza kuna kitu cha kutoa pindi wakiitwa mbele ya mkubwa.

Sisi wa pwani tusijione tumeokoka. Ni vichochoro vingapi vya kwenda bandarini na kwenye madau tulivyovijua utotoni, leo vimeishia kwenye ukuta wa mtu? Ni nani kati yetu aliyekaa na mzee wake akaandika? Njia haifi siku inapozibwa. Hufa siku anapokufa mtu wa mwisho awezaye kusema hapa palikuwa na njia.

Nimemwahidi mzee kwamba nitaandika, kwa kuwa ndilo aliloniomba tulipoagana. Nami namwandikia kwa lugha ninayoijua zaidi:

Njia ni mali ya wote, warejao na wendao
Nyayo zake tusifute, ni hati ya wapitao
Miba yake tuikate, wapite na wana wao
Mjuzi akenda zake, njia nayo hupotea.